Sura ya Nne: Siku ya Jiko Baridi

Mtoto alikuwa akilia nje ya kituo tangu asubuhi, kilio kile cha njaa kinachopanda na kushuka bila kuchoka, mpaka mkuu wa kituo, Inspekta Shitanda, akapiga meza kwa kiganja.

"Fungeni hilo dirisha! Hapa ni kituo cha polisi ama ni kliniki ya wamama?"

Dirisha likafungwa. Joto la Agosti likabaki ndani, likikorogwa na feni mpya iliyozunguka juu ya kichwa chake. Sajini Dorca Nabwire aliitazama ile feni. Kila ofisi pale kituoni ilikuwa na yake mwaka huo, zote zawadi kutoka duka la vyombo vya umeme la Bwana Hasmukh. Na Hasmukh huyo huyo ndiye mlalamishi katika faili iliyolala mezani.

"Afande, huyo ni mtoto wa mshukiwa. Hajaota hata jino. Ruhusu anyonye."

"Kesho mama yake anasimama kortini, kutoka hapo ni jela ya Kodiaga. Watanyonyeshana huko mpaka wachoke. Mimi sina selo ya watoto."

"Kwa kosa gani aende Kodiaga?"

Shitanda akacheka kwa pua. "Sajini, wewe unakaa Kisumu hii hii ama unakaa mwezini? Msichana wa kazi anakaanga chapati. Stima inapotea. Anaacha karai ya mafuta juu ya jiko, anatoka mbio kwake Nyalenda kunyonyesha. Stima inarudi, jiko linawaka lenyewe, mafuta yanashika moto. Mama mzee wa watu amelala chumba cha pili, moshi unammaliza. Sasa hapo umekosa kuelewa wapi? Hata kwangu pasi ilishachoma meza namna hiyo."

Nani Kisumu hakuwa na kisa cha namna hiyo? Stima hupotea, unasahau ulichokuwa umewasha, unatoka zako. Inarudi ukiwa sokoni. Hata Dorca, juzi moto ulipozimwa na maiti ya Mama Vasanti ikabebwa kutoka ile nyumba ya Milimani, alikuwa amewaza vivyo hivyo. Kilichomkaa kooni ni kimoja tu: hakuna aliyekuwa amelitazama jiko lenyewe.

"Nataka kulifungua lile jiko, Afande."

"Jiko litakwambia nini? Litapanda kizimbani liapishwe?" Shitanda akasukuma faili. "Jioni naandika mashtaka. Kabla ya hapo fungua unachotaka, hata friji. Lakini usinisumbulie Bwana Hasmukh. Amefiwa na mama."

"Na huyu wa selo amefiwa na nani?" Dorca akasema, lakini tayari alikuwa mlangoni, na mlango aliufunga kwa kishindo.

*

Selpha Aoko alikuwa ameketi sakafuni, mikono yake yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani. Kila mtoto alipopandisha sauti kule nje, madoa yale yalizidi kupanuka, na Selpha alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

"Yuko na nani?" aliuliza kabla Dorca hajafungua kinywa.

"Na mama yako, Seline. Ametoka Katito na gari la kwanza. Anampa uji kwa kijiko."

"Anautema."

"Ndiyo. Anautema." Dorca akachutama mbele yake. "Selpha, sina muda wa kukubembeleza. Hiyo mikono. Walioandika wanasema uliungua ukijaribu kuondoa mafuta yako. Sema wewe."

"Mafuta gani, madam? Niliungua na mlango. Kile kitasa cha chuma. Ba alikuwa ndani anakohoa, nikashika." Ba ndilo jina walilomwitia Mama Vasanti, watoto, wajukuu na wafanyakazi pamoja. "Nilimtoa mpaka kwa veranda. Nikamwita, Ba, Ba. Hakuitika tena."

"Ulikuwa unakaanga nini?"

"Sikukaanga. Siku ile hatupiki."

"Nani hapiki?"

"Sisi wote. Jiko linaoshwa, linapakwa rangi nyekundu, linawekewa sinia ya pamba iliyolowa samli na kitambaa, halafu linalala. Chakula tulipika jana yake mpaka mgongo ukanikatika. Hata chai hakuna. Ba mwenyewe alizima ile swichi kubwa ya ukutani, akaniambia, Selpha, leo hata kiberiti usinionyeshe."

Dorca alimtazama. "Hiyo mbona haiko kwa maelezo yako?"

"Nilisema! Yule aliyekuwa anaandika akacheka. Akaniuliza tangu lini jiko likalala, kwani limechoka?"

Dorca alisimama, akazunguka selo, akarudi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Stima ilipotea ukiwa wapi?"

"Kwangu, Nyalenda. Ba alinipa ruhusa. Kuna posho mill ya kusaga unga kando ya nyumba, ukiwa ndani huwezi kusikia mtu akikuita. Nilikuwa nanyonyesha, ikanyamaza. Mtoto akalala. Baadaye ikanguruma ghafla, mtoto akaruka. Nikajua stima imerudi, nikamwachia jirani, nikaondoka polepole. Kufika geti, moshi."

Kama ni kweli, basi stima ilipopotea Selpha hakuwa jikoni. Lakini hilo lilikuwa neno la Selpha, na neno la Selpha pale kituoni halikuwa na bei.

"Madam," Selpha aliita Dorca alipofika mlangoni. "Nikienda Kodiaga, mwacheni Mama arudi naye Katito. Asilelewe jela. Maziwa atasahau."

"Nyamaza," Dorca alisema, na ukali wake haukuwa wa kumkaripia yule msichana. "Huendi popote."

*

Sukhdev, fundi aliyefunga nyaya za nusu ya nyumba za Milimani, alikuwa na kilemba cha buluu, ndevu nyeupe na mdomo usiopumzika. Alishusha sanduku lake la vifaa kwenye ukumbi wa Hasmukh akasema, "Sajini, mimi napenda polisi wakiniita asubuhi. Jioni mkiniita huwa ni kunifunga."

Hasmukh alijitokeza amevaa nyeupe tupu, nguo za msiba. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye lile sanduku.

"Mnataka nini zaidi? Watu wenu walishapiga picha."

"Picha haina nyaya ndani," Dorca alisema. "Lile jiko ulilipata wapi?"

"Dukani kwangu. Jipya kabisa, nilifungua boksi kwa mikono yangu. La kioo, la kugusa kwa kidole, mtambo wa kisasa. Ukizima, limezima. Hakuna hatari. Hatari ni mtu asiyejua kutumia. Hawa wasichana wetu wa kijijini..."

"Asante. Tutapita."

Jikoni dari lilikuwa limetoboka na jua liliingia kama mgeni asiyebisha hodi. Kabati za juu ziliteketea, pazia halikuwepo, kuta zilikuwa nyeusi tii. Masizi yalifunika kila kitu: vikombe, meza, bomba la maji, kile kioo cha jiko chenye maduara mawili ya kupikia, la mbele na la nyuma. Kila kitu, isipokuwa kimoja.

Dorca aliliinamia duara la mbele. Karai ilikuwa imekaa juu yake, na ndani ya karai mafuta, ya manjano, yanang'aa.

"Bwana Sukhdev, njoo uone muujiza. Mafuta yaliyochoma nyumba, yenyewe hayakuungua."

Sukhdev akachovya kidole. "Arre! Ukiweka chapati sasa, inaiva."

"Na karai haina hata chembe ya masizi. Dari lote limeanguka juu yake, likaiogopa?" Akainyanyua. Chini ya karai, kioo kilikuwa cheusi kama kwingine kote. Iliwekwa pale baada ya moto. Polisi waliipiga picha, wakaiandika kielelezo, wakaenda zao kula. Dorca alisaga meno. "Wapumbavu. Wapumbavu wakubwa."

"Mimi sikusikia," Sukhdev alisema.

Kwenye duara la nyuma kulikuwa na sinia ya shaba iliyopinda, na juu yake majivu mepesi ya pamba pamoja na kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki pembeni. Chini ya sinia kioo kilikuwa kimepata doa la samli iliyochemka. Moto ulianzia pale. Si mbele.

Kwenye sinki alikuta sufuria ndogo yenye mfuniko. Alifunua, harufu ya maziwa yaliyochacha ikamrudisha nyuma. Ndani mlikuwa na majani ya chai na vipande vya tangawizi, yakielea juu ya maziwa meupe. Meupe, hayakuwa yamegeuka rangi.

"Chai hii haikuiva," alisema taratibu. "Mtu aliiweka motoni, ikakatishwa kabla ya kuchemka. Stima ilipotea akiwa hapa. Akaiondoa, akaiweka kwenye sinki, akaenda zake."

"Ndiyo vile afande wako anasema. Stima ilipotea, ikarudi."

"Afande wangu anasema chapati, fundi. Na anasema jiko likakumbuka lenyewe kuwaka. Linakumbuka?"

Sukhdev alisita. Akafuta kioo kwa kitambaa, upande wa vidude vya kugusa. "Jiko la zamani, la kuzungusha kwa mkono, linakumbuka. Ukiacha limewashwa, stima ikirudi linawaka. Hili..." Akachunguza waya wa jiko, ambao ulipita peke yake chini ukutani na moto haukuufikia, akatia fyuzi yake, akabonyeza swichi kubwa ya ukutani. Mlio mdogo. Akagusa duara la mbele kwa kidole, taa nyekundu ikawaka, ndani ya jiko kukasikika kitu kikigonga, *tak*. "Sasa naifanya stima ipotee." Akazima ukutani. Akasubiri kidogo. "Sasa inarudi." Akawasha.

Taa haikurudi. Duara la mbele lilibaki kimya, likapoa.

"Umeona? Hili halina kumbukumbu. Stima ikirudi, linaanza kama mtoto mchanga, halijui jana. Ile hadithi ya kituoni ni ya jiko lingine."

Hadithi ya Shitanda imeanguka, vizuri. Lakini nyumba ilikuwa imeungua kwelikweli. "Basi ni nini kilichowasha moto?"

Sukhdev alinusa hewa. Alikuwa amegeuza kichwa, pua juu, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula chake kikiungua. Kutoka kwenye ile sinia ya duara la nyuma, duara ambalo hakuna aliyeligusa, ambalo taa yake ilikuwa imezima, uzi mwembamba wa moshi ulianza kupanda.

Akaruka, akazima ukutani. Wakatazamana.

"Fungua," Dorca alisema.

*

Walilichomoa lile jiko kwenye meza yake, wakalipindua juu ya gunia. Moto hupanda juu. Sanduku la bati la chini lilikuwa zima. Sukhdev alifungua skrubu, akatoa ubao wenye vyuma na nyaya nyembamba. Juu yake vilikaa vidude viwili vyeusi, kila kimoja kadiri ya kiberiti.

"Hizi ni rilei. Ni swichi, lakini haiguswi na mkono, inasukumwa na ubao. Ukigusa kioo, ubao unaiambia *tak*, funga, moto unaenda. Ukigusa tena, *tak*, achia. Moja ya mbele, moja ya nyuma." Akaweka ncha za mita yake kwenye ile ya mbele. Mshale haukusogea. "Hakuna stima, imeachia. Sawa kabisa." Akahamia ya nyuma. Mshale ukaruka hadi mwisho. "Hakuna stima hapa, hata kidogo, na bado imefunga. Vyuma vyake vya ndani vimeyeyuka vikashikana. Ubao unasema zima, taa inazima, lakini hii haisikii mtu. Stima ikiwa ukutani tu, duara la nyuma linawaka."

"Moto ndio uliiyeyusha?"

"Moto wa wapi? Angalia, plastiki haikulainika. Hii ilikufa zamani. Na tazama hapa," akaonyesha kwa bisibisi, "mtu alishaifungua akajaribu kuitengeneza. Lehemu hii ni ya mkono, mbaya, kama mavi ya kuku. Kiwandani hawafanyi hivi."

"Alisema jipya. Alifungua boksi kwa mikono yake."

Dorca aliinua lile sanduku la bati kwenye jua. Pembeni, nyuma ya nyaya, palikuwa na takataka nyeusi, nyepesi, ndefundefu kama nywele zilizoungua. Alikishika kipande kimoja; kikavunjika, kikaacha alama kidoleni. Masizi ya jikoni yalikuwa ya mafuta na yalinata. Haya yalikuwa makavu.

Alikuwa amezaliwa Muhoroni. Baba yake alikata miwa mpaka mgongo ukapinda, na kila msimu shamba lilipochomwa kabla ya kuvunwa, majani yaliyoungua yaliruka hewani yakaingia kila mahali: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye maji, kwenye uji. Mama yao aliyaita theluji ya maskini.

"Hili jiko," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo waliomjua waliliogopa kuliko kelele, "liliishi Muhoroni kabla halijafika hapa. Mtu alilinunua. Mtu akalirudisha."

*

Kanchan, mke wa Hasmukh, alikuwa uani kando ya tangi la maji, akichambua dengu bila kuzitazama. Binti yake mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka, shavu limefinywa na mkono. Dorca alikaa chini, pale pale kwenye saruji.

"Dada, siku ile mlikula nini?"

Kanchan hakutegemea swali hilo. "Puri. Mboga. Mtindi."

"Moto?"

"Baridi. Za jana yake."

"Kwa nini?"

Mikono ikasimama juu ya dengu. "Ilikuwa siku ya Shitala. Ni mungu wetu wa kike, mama wa watoto. Anapita nyumba kwa nyumba, anajilaza jikoni apumzike. Akikuta jiko lina moto anaungua, anaondoka na hasira. Akikuta baridi anapoa, analinda mtoto wa nyumba hiyo na surua, na homa, na kila kitu." Akamtazama yule binti. "Mimi nimezaliwa hapa Kisumu, Sajini, nimesoma hapa. Watu wanatucheka. Lakini siku ile siwezi kuwasha hata mshumaa."

"Na Selpha?"

"Selpha anaishika kutushinda sisi."

"Lakini wewe uliweka sahihi kwamba alikuwa anakaanga chapati."

Barabarani nje lori la samaki lilipita likipiga honi.

"Dada, nitakwambia kitu na unisamehe nikipayuka. Kuna mtoto pale kituoni. Mdogo kuliko huyu wako. Mama yake yuko hatua chache kutoka kwake, maziwa yanamwagika kwenye nguo, na mtoto anapewa uji anautema. Wewe ulipoza jiko ili wako awe salama. Nani atapoza la Selpha?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia! Ninyi mmemfanyia nini yeye?"

Binti alishtuka usingizini. Kanchan alimwekea mkono, akampiga piga mgongoni mpaka akatulia. Alipozungumza hakuinua uso.

"Tulikuwa mandirini, hekaluni kwetu. Ba alibaki, miguu ilikuwa inamuuma. Yeye alikuja kutoka dukani mchana. Hawezi kukaa bila chai ya moto, hata siku ile anaiba kama mtoto." Hakutaja jina la mume wake. "Aliniambia usiku. Alisogeza sinia ya Ba kwenye duara la nyuma, akidhani kwa dakika mbili tatu haitashika moto, akawasha ukutani, akaweka sufuria mbele. Stima ikapotea. Akaona taa imezima, akaondoka. Swichi ya ukutani akaisahau, kwa sababu hakukuwa na stima ya kumkumbusha."

"Na alijua la nyuma halizimiki."

"Sote tunajua. Ndiyo sababu Ba alikuwa anazima ukutani kila mara. Lilirudishwa na mteja wa Muhoroni, alipiga kelele dukani mpaka barabarani. Mengine ya aina hiyo bado yako stoo, na kuna hoteli inayataka." Machozi yalidondoka kwenye dengu. "Alisema, kama watu wakijua, duka limekwisha. Alisema msichana atafungwa kidogo tu, atatoka."

"Kidogo tu," Dorca akarudia. Akasimama, akakung'uta sketi kwa nguvu kuliko vumbi lilivyohitaji. "Utayasema haya mbele yake?"

"Mbele yake siwezi."

"Basi atayasema mwenyewe."

*

Hasmukh alikuwa ameshapiga simu. Land Rover ya kituo ilisimama mlangoni na Shitanda akashuka kofia mkononi, uso umevimba.

"Sajini! Nilikwambia nini? Nilikwambia usimsumbue huyu bwana. Unapindua jiko la marehemu kama mwizi?"

"Nimeshalirudisha mahali pake, Afande. Ingia uone, halafu uniandike barua ya kunifukuza."

Waliingia wote: Shitanda, Hasmukh, Sukhdev aliyekwenda kusimama kando ya ukuta, na Kanchan aliyebaki mlangoni na mtandio puani. Jiko lilikuwa limekaa kama mwanzo, ila sinia ilikuwa imeondolewa. Kioo cheusi, taa zote zimezima. Jua la dari lililotoboka lilipiga katikati ya chumba, na joto lilikuwa la kumtosha kila mtu.

"Bwana Hasmukh," Dorca alisema, "rudia mbele ya Afande. Jiko hili ni jipya?"

"Jipya."

"Zima, halina kasoro?"

"Zima kabisa. Ukizima limezima. Sajini, nimeshasema."

"Hili sasa limezimwa?"

Hasmukh akaangalia taa. "Limezimwa."

"Basi nisaidie jambo dogo. Weka kiganja chako pale, duara la nyuma. Nataka kuona kama mkono unafika bila kugusa karai. Ni la maelezo tu."

Hasmukh hakusogea. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu.

"Weka basi, ni kioo tu."

"Mkono wangu... nimetoka kwenye maombi. Siwezi kugusa masizi."

"Upuzi gani huu?" Shitanda alifoka. "Mnacheza kalongo kama watoto? Sajini, mkono unafika, hata mtoto anaona. Jiko limezimwa, tazama!" Akapiga hatua, akanyoosha kiganja chake kinene kuelekea kwenye duara la nyuma.

"Hapana, Afande!" Hasmukh alimrukia, akamdaka kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili. "Usiguse! La nyuma halizimiki!"

Ile sauti ilibaki ikining'inia kwenye dari lililoungua.

Dorca alichukua tone la maji bombani kwa ncha ya kidole, akalidondosha kwenye duara. Likachachatika, likatoweka. Ukutani, Sukhdev alishusha swichi aliyokuwa ameipandisha kabla hawajaingia.

"Halizimiki," Dorca alisema. "Umejuaje, bwana? Taa si imezima? Jipya, kutoka kwenye boksi?"

Hasmukh alikuwa bado ameshika mkono wa Shitanda. Shitanda aliutazama ule mkono, akautazama na wake uliookoka, na rangi ilimbadilika usoni. Akajinasua taratibu.

"Mkono wa Afande umeuonea huruma," Dorca aliendelea, na sasa alikuwa anapiga kelele, hakujali nani anasikia, hakujali cheo. "Mbio umeuokoa! Mikono ya Selpha je? Iliyoshika kitasa cha moto kumtoa mama yako, mama yako mwenyewe, wakati wewe umeketi dukani? Ulirudi hapa, maiti haijapoa, ukatafuta karai safi, ukamimina mafuta safi, ukapanga. Ulikuwa na mikono ya hiyo kazi!"

"Sikutaka afe," Hasmukh alisema. Sauti yake laini ilikuwa imekwisha kabisa. "Ni mama yangu."

"Najua hukutaka. Hilo utamwambia hakimu. Lakini Selpha ulitaka afungwe. Hilo ulilitaka macho makavu."

Mlangoni, Kanchan alivuta pumzi ndefu. "Na yale ya stoo," alisema kwa Kiswahili safi ili kila mtu aelewe, "yasiende hotelini. Mimi nina ufunguo." Akautoa, akampita Shitanda, akauweka kwenye kiganja cha Sukhdev.

*

"Kesho," Shitanda alisema waliporudi, akipanga makaratasi yasiyohitaji kupangwa. "Kesho asubuhi tutamwachilia, baada ya kuandika upya. Kuna utaratibu, Dorca."

"Funguo za selo, Afande."

"Nimesema kuna..."

"Utaratibu ulikuwa wapi karai ilipopigwa picha? Funguo."

Alizitoa bila kumtazama.

Seline aliingia na mjukuu wake mgongoni, akimfungua leso huku akinong'ona kwa Kijaluo, "Nyathina, nyathina," mtoto wangu, "mama yako huyu." Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti ikabaki mkwaruzo. Selpha alinyoosha ile mikono yenye bandeji, akairudisha. Hakuweza kumshika. Alimtazama Dorca, na uso wake wote ulivunjika.

"Hataniponyoka, madam?"

"Kaa pale."

Pale palikuwa kiti cha mkuu wa kituo, ndicho pekee chenye mto. Selpha akakaa. Dorca alipiga magoti sakafuni, akampakata mtoto kwa mikono yake, akamsogeza kifuani pa mama. Mtoto aligeuza uso, akakataa, akalia kidogo kwa hasira yake mwenyewe. Akageuza tena. Kisha akashika, na chumba chote kikasikia jinsi alivyomeza.

Shitanda alisimama kando ya kabati, hana pa kukaa. Juu yao ile feni iliendelea kuzunguka, ikizipeperusha nywele laini za mtoto.

"Upepo utampiga kifuani," Seline alisema.

Dorca hakuinuka. Alinyoosha mkono mmoja mpaka ukutani, akaizima.